Hans Selye na Tezi Zilizokaa Juu ya Figo

Wako mabingwa ambao majina yao hayatajwi barazani, na hali kazi yao imeingia katika kila nyumba. Mmoja wao ni Dk. Hans Selye, aliyefariki mjini Montreal, nchi ya Kanada, tarehe 16 Oktoba 1982. Neno alilolieneza duniani, stress, leo lasemwa na dereva wa matatu, na karani wa bandarini, na mwanafunzi aliyekaribia mtihani. Wengi walisemao hawajui kwamba lilitoka kwa panya wa maabara, na kwamba habari yenyewe ilianzia katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zetu kama kofia juu ya kichwa.

Kilichonifanya nimtafute bwana huyu ni safari yangu ya Mulot, mji wa soko ulioko mpakani mwa Bomet na Narok, karibu na mto Amala. Mimi ni mtu wa pwani, nimezoea joto na upepo wa chumvi. Huko bara kwa Wakipsigis, ambako ukizidi kupanda kuelekea Bomet na Kericho waanza kuyaona mashamba ya chai, baridi ya alfajiri yauma mpaka mifupani. Nilikwenda kumwangalia mpwa wangu, mfanyabiashara aliyehamia huko miaka mingi, nikamkuta pumu imemshika. Nikaanza kuuliza habari za dawa aliyokuwa akiinywa, na kila nilikouliza nikajikuta narudishwa kwa Selye na panya wake. Habari ya mpwa wangu nitaileta mahali pake. Kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Mtoto wa mganga wa jeshi

Selye alizaliwa mjini Vienna tarehe 26 Januari 1907, zama za ufalme wa Austria na Hungary. Baba yake alikuwa Mhungari, mganga wa jeshi. Mama yake alikuwa mwenyeji wa Austria. Alilelewa katika mji wa Komárom, kando ya mto Danube. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, ufalme ule ulivunjika, na mji wa utoto wake ukakatwa vipande viwili, ng'ambo moja ya mto ikawa Hungary na ng'ambo ya pili ikawa Chekoslovakia. Basi alikua kijana asiyejua hasa aseme kwao ni wapi, lakini lugha alizijua tangu udogoni: Kihungari, Kijerumani na Kifaransa, na nyingine akaziongeza baadaye.

Alisomea utabibu mjini Prague, akapata shahada yake mwaka 1929. Tangu alipokuwa mwanafunzi kulikuwa na jambo moja lililomkera. Mwalimu wao aliwaletea wagonjwa mbalimbali ili wafunzwe dalili zinazotenga ugonjwa huu na ule. Kijana Selye aliona kwamba wagonjwa wote wale walikuwa na mambo ya kufanana: nyuso zimesawajika, ulimi una utando, viungo vyauma, chakula hawakitaki, nguvu hawana. Mwalimu hakuyajali hayo, maana hayakumsaidia kutaja jina la ugonjwa. Yeye alijiuliza kwa nini hapana mtu aliyeuchunguza huo ugonjwa wenyewe, ile hali ya kuwa mgonjwa tu, uwe wa homa au wa kidonda. Swali hilo alilitia mfukoni, likakaa humo miaka kumi.

Mwaka 1931 alikwenda Marekani kwa msaada wa masomo, na mwaka uliofuata akahamia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, kufanya kazi chini ya James Collip, mmoja wa wale waliosaidia kuisafisha dawa ya insulini kwa wagonjwa wa kisukari. Zama hizo wataalamu wa Ulaya na Marekani walikuwa mbioni kutafuta homoni. Homoni ni maji ya tezi yanayoingia katika damu na kupeleka amri mwilini, mfano wa tarishi apelekaye barua ya mkubwa wake. Kila aliyegundua homoni mpya alipata jina.

Panya walivyomwangusha na kumwinua

Selye alichukua vifuko vya mayai ya ng'ombe kutoka machinjioni, akavisaga na kuvichuja, akawadunga panya yale maji. Alipowapasua aliona mambo matatu. La kwanza, zile tezi za juu ya figo, ziitwazo adrenali, zilikuwa zimevimba. La pili, tezi ya thaimasi iliyoko kifuani nyuma ya kidari, pamoja na mitoki na wengu, vilikuwa vimenywea. La tatu, tumbo lilikuwa na vidonda vyenye kutoka damu. Furaha ikamjaa, akaamini amepata homoni mpya kabla hajatimiza miaka 30.

Haikuchukua muda furaha ile ikageuka. Aliona kwamba kadiri maji yale yalivyokuwa machafu ndivyo yalivyoleta mambo yale matatu kwa nguvu zaidi. Akajaribu kuwadunga panya formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, ambayo haina uhusiano wowote na homoni. Matokeo yakawa yale yale. Akawatia panya baridini, akawachosha kwa mbio, akawaumiza. Tezi zikavimba, thaimasi ikanywea, tumbo likatoka vidonda. Homoni yake mpya ilikuwa ni hewa tupu.

Mtu mwingine angalivunjika moyo akaacha. Yeye alikumbuka wale wagonjwa wa Prague. Huenda jambo alilolitafuta ujanani lilikuwa mezani mbele yake: jinsi mwili unavyoitikia kila dhiki, iwe ya sumu, ya baridi au ya jeraha. Mkubwa wake mmoja alimwonya kwamba atayamaliza maisha yake akisoma elimu ya uchafu. Aliyemtia moyo alikuwa Sir Frederick Banting, yule bingwa wa insulini, ambaye alimsaidia kupata fedha kidogo za kuendelea. Tarehe 4 Julai 1936 jarida la Nature la Uingereza likachapa waraka wake, mfupi mno, na neno stress halikuwamo. Neno hilo alilichukua baadaye kutoka kwa wataalamu wa chuma na mitambo, walitumialo kwa nguvu inayokikaza kitu.

Hapa yafaa nisimame kidogo. Siku hizi neno hili limetafsiriwa msongo wa mawazo, na tafsiri hiyo yatupotosha. Panya wa Selye hawakuwa na mawazo ya kodi ya nyumba wala karo ya watoto. Dhiki aliyoisema ni ya mwili mzima. Mawazo ni mlango mmoja tu wa kuingilia, na mingine ni njaa, ugonjwa, baridi na majeraha. Kwa Kiswahili chetu, neno dhiki lenyewe latosha.

Ulinzi unaotoza ushuru

Sasa twafika penye kiini cha habari. Selye alitaka kujua kama thaimasi hunywea kwa sababu ya sumu yenyewe, au kwa amri ya tezi za adrenali. Aliwapasua panya akazitoa tezi zile, kisha akawatia katika dhiki kama mwanzo. Thaimasi haikunywea. Hapo ikawa wazi kwamba amri ilitoka juu ya figo. Wakati wa dhiki, tezi iliyo chini ya ubongo huziamrisha adrenali, nazo humwaga homoni zake katika damu, na homoni hizo huipunguza thaimasi na mitoki.

Wakati ule kazi ya thaimasi haikujulikana. Leo twajua kwamba ni chuo cha askari wa mwili. Humo hulelewa chembe nyeupe za damu zinazotambua adui na rafiki, nazo mitoki ni kambi zao. Kwa hiyo Selye alikuwa ameona, kabla ya kuweza kuitaja kwa jina, habari kubwa: homoni zinazomwokoa kiumbe katika dhiki ndizo hizo hizo zinazopunguza kinga yake. Aligawa mwendo wa dhiki katika vituo vitatu: mwili kushtuka, kisha kuhimili, na dhiki ikizidi, kuchoka. Anayeokolewa leo hutozwa ushuru kesho.

Ama kuhusu mzio, neno hili wazee wetu walikuwa nalo zamani. Mtu aliyedhuriwa na kamba au ngisi aliambiwa kitu hicho ni mzio wake, akakiacha. Elimu ya kisasa ilianza kulishika jambo hili mwaka 1902, pale Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walipowadunga mbwa sumu ya wanyama wa baharini wenye kuwasha. Walitaraji mbwa waizoee sumu ile. Badala yake, baada ya majuma machache, kipimo kidogo tu cha mara ya pili kiliwaua kwa dakika chache. Askari wa mwili walikuwa wamemjua adui, wakamrukia kwa hasira iliyopita kiasi mpaka wakaibomoa nyumba waliyowekwa kuilinda. Huo ndio mzio, na pumu na upele wa kuwasha mara nyingi ni jamaa zake.

Panya kwa kawaida ni mgumu kudhuriwa na mshtuko wa namna hiyo. Wataalamu waliona kwamba ukimtoa tezi za adrenali ugumu wake huondoka, na kiasi ambacho jana hakikumtingisha leo chamuua. Ukimrudishia homoni za tezi hizo, hupona tena. Mwaka 1937 Selye naye aliandika habari ya panya waliodungwa ute wa yai: midomo na miguu yao ilivimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Uvimbe huo huja hata mara ya kwanza, kwa hiyo si mzio kamili, lakini umefanana nao kiasi cha kutumiwa miaka mingi kupimia dawa. Homoni za adrenali huutuliza.

Tezi hizi zina sehemu mbili. Kiini chake hutoa adrenalini, ambayo hufungua mapafu na kupandisha damu iliyoshuka. Ndiyo sindano ya kwanza ya kumwokoa mtu aliyeshikwa na mshtuko wa mzio. Ganda lake hutoa kotisoli, ambayo huja polepole na kuwatuliza askari wenye hasira. Wanyama nao hawako sawa katika jambo hili: chembe za kinga za panya na sungura hufa upesi kwa homoni hizi, na mwanadamu ni mstahimilivu zaidi. Si kila lililoonekana kwa panya lachukuliwa kama lilivyo likatiwa kwa mtu.

Kutoka nyongo ya ng'ombe hadi mkonge

Selye hakuwa peke yake katika uwanja huu. Kule Rochester, Marekani, katika hospitali ya Mayo, Edward Kendall alikuwa amezichambua homoni za ganda la adrenali, na mwenzake Philip Hench alikuwa amegundua kwamba wagonjwa wa baridi yabisi hupata nafuu wakishikwa na manjano au wakiwa na mimba. Septemba 1948 walimdunga bibi mmoja, aliyekuwa hawezi kutembea, ile dawa iliyoitwa baadaye kotizoni. Baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Kendall, Hench na Tadeus Reichstein wa Uswisi walitunukiwa tuzo ya Nobel. Selye hakuipata kamwe, ingawa alipendekezwa mara nyingi.

Shida ilikuwa ni kuipata dawa. Ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Ulimwengu ukatafuta mimea ya kuirahisisha kazi, na hapo Afrika Mashariki ikaingia katika kisa hiki. Wataalamu wa Uingereza waliona mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba majimaji ya mkonge, yale yanayotupwa baada ya kuchukuliwa katani, yana kitu kiitwacho hekojenini kinachoweza kugeuzwa kuwa kotizoni. Kampuni ya Glaxo ikakitumia kutengenezea kotizoni na jamaa zake. Wazee wetu waliokata mkonge Tanga walijua kwamba katani inakwenda kuwa kamba na magunia. Ni wachache walioambiwa kwamba uchafu wake unakwenda kuwa dawa ya pumu na ya upele.

Niliyoyaona Mulot

Na sasa nirudi kwa mpwa wangu. Pumu ilipomzidi alipewa vidonge vidogo vya prednisoloni, ambavyo ni jamaa ya kotizoni. Kwa siku chache kifua kikafunguka. Tangu siku hiyo, kila alipohisi kifua kizito alikwenda duka la dawa akanunua vingine kwa fedha yake, pasi na cheti. Miezi ikapita. Uso wake ukajaa, ukawa duara kama mwezi wa kumi na nne, na majirani wakamsifu kwamba Mulot imempenda na biashara yamwendea vizuri. Yeye naye alifurahi. Hapana aliyejua kwamba unene ule ulikuwa ni wa dawa.

Kisha jamaa mmoja akamtisha kwamba vidonge vile ni vibaya, akaviacha siku moja. Siku zilizofuata alilegea, akatapika, macho yakamwingia kiza, akaanguka dukani mwake. Tabibu aliyempokea alimweleza, nami nikiwapo alirudia: mwili unapopata homoni hii kutoka nje muda mrefu, tezi zake zenyewe hulala. Ukiikata ghafla, zile zilizolala haziamki siku hiyo. Mtu hubaki kama panya wa Selye aliyetolewa adrenali, na dhiki ndogo yaweza kumuua. Tangu mwaka 1855 Mwingereza Thomas Addison alikwisha eleza jinsi wagonjwa ambao tezi hizi zimekufa wanavyokonda, wakalegea na kufa. Dawa ya namna hii, ikitumiwa muda mrefu, hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari.

Na liko la pili. Kwa kuwa huwatuliza askari wa kinga, huweza kumfungulia mlango adui aliyekuwa amelala, kama vile kifua kikuu. Mtu akohoaye, akajinunulia vidonge hivi ili atulize kifua, huenda anamtuliza mlinzi na kumwacha mwizi. Hii haina maana kwamba dawa ni mbaya. Pumu ikibana, vidonge hivi vya siku chache huokoa roho, na ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, ambayo ndiyo nguzo ya tiba ya pumu siku hizi, hufika mapafuni kwa kiasi kidogo na hauchoshi sana mwili uliobaki. Mpwa wangu sasa yu katika dawa ya kuvuta, na uso wake umerudi ulivyokuwa.

Makosa ya bingwa

Tusimpake Selye mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikuwa na pupa ya kueleza kila ugonjwa kwa kipimo kimoja, na wataalamu waliomfuata wameonyesha kwamba mwili hauitikii dhiki zote kwa namna moja. Panya wengi mno walipata mateso mezani pake, na sisi tuliofunzwa kwamba mnyama naye ana haki yake juu yetu hatuwezi kulipita jambo hilo kimya. Na baya zaidi, nyaraka zilizofunuliwa baada ya kufa kwake zimeonyesha kwamba alipokea fedha za makampuni ya sigara. Mwaka 1969 alisimama mbele ya kamati ya bunge la Kanada akitetea kwamba sigara humpunguzia mtu dhiki. Aliyetufunza jinsi mwili unavyodhurika aliwafaa waliokuwa wakiuza madhara.

Hata hivyo kazi yake ilikuwa ya mtu asiyelala. Kuanzia mwaka 1945 alikuwa Chuo Kikuu cha Montreal, akiongoza taasisi yake kwa zaidi ya miaka 30. Kitabu chake kilichomfikisha kwa watu wa kawaida, The Stress of Life, kilitoka mwaka 1956, mwaka ule ule ambao mama yake aliuawa kwa risasi katika maasi ya Hungary. Makala aliyoandika ni zaidi ya 1,500. Mmoja wa wanafunzi wake, Roger Guillemin, alipata mwaka 1977 tuzo ya Nobel ambayo mwalimu wake aliikosa. Na katika ule mji wake wa utoto uliokatwa na mto, upande ambao sasa ni Slovakia, kilifunguliwa mwaka 2004 chuo kikuu chenye jina lake.

Tezi za adrenali ni ndogo na nyepesi mno, na juu yake umewekwa ulinzi wa mwili mzima. Zinapozidisha, kinga hunywea. Zinapokosekana, mwili huweza kuuawa na dhiki ndogo. Mizani hiyo Selye aliiona kwa panya. Kwetu sisi, yatosha kwamba tusiichezee kwa vidonge vya kununua gizani, na kwamba tuliokwisha anza kuvinywa tusiviache pasi na kumwuliza daktari.